Zipu ni Malighafi au ni Bidhaa?

Sitara anauza zipu na vifungo kwenye uchochoro wetu hapa Kariakoo, fremu inayotazamana na yangu ya nyuzi. Si mhasibu, si mwanasiasa. Alizaliwa Ilala, akaolewa Mchafukoge, na biashara aliachiwa na marehemu mumewe, Abdulkadiri. Lakini kila Juni, ikifika siku ya hotuba ya bajeti, uchochoro mzima unamfanya yeye ndiye waziri.

Ilianza mwaka ule kodi ya nywele bandia ilipopanda. Sitara aliisikiliza hotuba redioni huku akipanga vifungo, akatoka kumwambia jirani muuza nywele ajiandae. Ikawa kweli. Basi, tangu hapo hana raha. Siku ya bajeti vile vipaza sauti vinavyotangaza bei tangu asubuhi vinazimwa kimoja kimoja, simu ya mtu inaunganishwa kwenye spika ya Sitara, na watu wazima na akili zao wanakaa juu ya marobota kusikiliza maneno ya Dodoma. Kwa kweli hotuba hawaisikilizi. Wanaitazama sura ya Sitara. Akikunja uso, mtu anapiga simu stoo. Jambo hili lilikuwa likinikera, maana hotuba ni ya Kiswahili na sote tunakijua, ila na mimi nilikuwa nakaa palepale namtazama.

Mwaka huu aliyekaa karibu naye zaidi alikuwa Ritha. Ritha ni fundi cherehani, mtu wa Masasi, ana chumba chake cha kushonea Ilala, na tangu afike mjini hajanunua zipu kwa mtu mwingine. Shule moja ya Upanga ilikuwa tayari kumpa kazi ya kushona sare za wanafunzi wote. Kazi hiyo ingemtoa kwenye kubadilisha zipu za suruali za watu, awe na mafundi wake mwenyewe. Walichotaka ni bei, kesho yake asubuhi, na ikishaandikwa haibadiliki. Akitaja ya chini kisha ushuru upande, amekwisha. Akitaja ya juu, kazi anapewa mwingine.

Waziri akasoma hadi akafika kwenye nguo. Alipendekeza ushuru upande kwa bidhaa za nguo zinazotoka nje, ili kulinda viwanda vya ndani, isipokuwa malighafi zinazotumiwa na viwanda hivyo. Watu wote wakamgeukia Sitara. Yeye alikuwa ameshika dazeni ya zipu, anaigeuzageuza.

"Sasa zipu ni malighafi au ni bidhaa?" akauliza.

Nilijaribu kufikiri. Zipu ikiwa kwa Sitara, ni bidhaa, maana anaiuza hivyohivyo ilivyo. Ikifika kwa Ritha ni malighafi, maana anaishona kwenye sketi. Lakini ushuru unalipwa bandarini, na bandarini zipu haijui itaishia kwa nani. Halafu chumba cha Ritha chenye vyerehani kinaitwa kiwanda, au ni chumba tu? Kichwa kikaanza kuniuma.

"Dada Sitara, niambie mimi," Ritha akasema. "Inapanda au haipandi?"

"Sijaelewa, mdogo wangu. Na hayo ni mapendekezo tu, Bunge halijapitisha. Kweli sijaelewa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kariakoo, mfanyabiashara akikwambia hajui bei ya kesho, ujue anaijua, ila anataka anunue kabla yako. Sisi sote tumewaambia hivyo wateja wetu na tumeambiana wenyewe, mpaka anayesema kweli hana pa kushika.

"Anabana huyo," akanong'ona Seifu, muuza vitambaa. "Kashapata mchongo."

"Seifu, wallahi sijui!"

"Haya dada, hujui. Tumekusikia." Akawakonyeza wenzake, akatoka mbio.

Hadi magharibi zipu zilikuwa zimekauka kwa wauzaji wa jumla. Muuza sufuria alibeba katoni nzima, za nini Mungu ndiye anajua. Mimi nilibeba mbili, na nikiulizwa sababu nababaika. Bei ikapanda jioni ileile, na sheria yenyewe bado haijapigiwa hata kura. Sitara alipokwenda kuongeza mzigo alikuta bei ngeni kabisa.

"Nani kapandisha?" akauliza.

"Si ni wewe, dada," akajibiwa, na mwenye duka akacheka.

Ritha alikuwa ameyaona yote hayo kwa macho yake. Asubuhi akaandika bei ya juu. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine, ambaye nasikia siku hiyo ya bajeti alikuwa harusini.

Bunge likapitisha, Julai ikaingia, tukamwita wakala wa forodha atusomee sheria yenyewe. Akapekua, akapekua tena. Zipu hazikuguswa. Hazikutajwa kama malighafi wala kama bidhaa. Lakini bei haikushuka, maana kila mwenye zipu alikuwa amezinunua ghali. Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Serikali haikuchukua kitu, sisi hatukufaidi kitu, na Ritha ndiye aliyelipa. Alimlipa nani?

Juzi alikuja kununua zipu moja, ya suruali ya mteja. Hakukaa kwenye kigoda kama zamani.

"Ungeniambia tu, dada, kwamba hujui," akasema.

"Nilikwambia, Ritha."

"Uliniambia mbele ya watu, maneno yaleyale unayowaambia wateja. Ningejuaje kama safari hii ni kweli?"

Sitara akachomoa zipu moja kwenye dazeni. Nilimhurumia, na nilimhurumia Ritha pia, na nikajiona mjinga kusimama katikati yao na bunda langu la nyuzi. Mwishowe Sitara akaifunga ile zipu kwenye gazeti.

"Hebu niambie wewe, mdogo wangu. Kesho nikiwa tena sijui, nikwambieje uniamini?"

Ritha akaipokea zipu yake.

"Sijui, dada," akasema.

Sitara akamtazama usoni, akaendelea kumtazama, na nikaona anajiuliza kama amwamini.