Ubeti wa Kumi

Nikiwa msichana wa darasa la tano, nyumbani kwetu Murera hakuna aliyeruhusiwa kutuhesabu. Mgeni akiuliza, "Kwani hapa mko wangapi?" Cucu, mama yake baba yangu, alimmiminia chai na kumuuliza habari za kwao mpaka swali likapotea. Akishikilia sana, aliambiwa tuko wa kutosha.

Familia yetu ilitoka Gatanga, na Guka, babu yangu, alihama na nyimbo za huko kama wengine wanavyohama na magodoro. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikaa uani na kupiga mwomboko, dansi ya kwetu ya zamani, kwa kinanda chake cha kuvuta na kubana. Baba naye aligonga karing'aring'a, ile ringi ya chuma inayoshika mwendo. Wazee wa kanisa walinong'ona kwamba hayo ni mambo ya dunia. Guka alisema duniani ndiko anakoishi, bado hajapewa nyumba kwingine.

Wimbo nilioupenda kuliko zote ulikuwa wetu wenyewe. Babu yake Guka ndiye aliyeutunga, na kila kizazi kilitia majina yake. Kila mtu wa nyumba alikuwa na ubeti wa kumwita aingie kucheza. "Njoroge, ingia, mguu wako ni mwepesi." Huyo ni ndugu yangu. "Wambui, ingia, usiogope vumbi." Huyo ni mimi. Beti zenye maneno zilikuwa tisa. Wa kumi Guka aliupiga kwa kinanda kitupu, mdomo ameufunga, na Cucu alikuwa akiangalia chini mpaka uishe.

Ubeti uliokosekana ulikuwa wa Cucu, na jambo hilo liliniuma. Jina langu nililipata kwake, kama ada ilivyo, na nilijiona kama nimemnyang'anya. Siku moja nikamuuliza kwa nini yeye haitwi.

"Ni mimi nilikataa," alisema. "Watu wa nyumba hawamalizwi kwa mdomo, mami. Ukiwataja wote, anayesikiliza huko nje anajua mmeisha. Halafu anachagua."

"Nani anasikiliza?"

"Kwani nimekuambia nataka kumjua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaacha.

Mwaka huohuo akaja kijana wa chuo, anakusanya nyimbo za zamani kabla wenye kuzijua hawajaisha. Alikuwa mpole, na kimashine chake cha kurekodi alikishika kwa mikono miwili. Aliniambia, "Niaje, mdogo wangu? Leo tunachukua kila kitu, sawa? Kisipotee hata kimoja." Maneno hayo yaliniingia. Baba alikuwa amebaki kazini Ruiru siku hiyo, kwa hiyo Guka alinipa mimi ringi nigonge. Sijawahi kujivuna vile tangu siku hiyo.

Ilikuwa mchana mweupe, jua la utosi. Cucu alikaa kizingitini mwa jikoni akichambua maharagwe kwenye uteo. Tukapiga, beti zikapita moja moja, majina yakaingia uwanjani. Wa kumi ulipofika Guka alifunga mdomo kama kawaida, nami nikaufungua wangu. Maneno nilikuwa nimeyatunga kitambo, kitandani, kwa siri.

"Wambui, ingia, wote wameingia, ni wewe tu tunangoja."

Vidole vya Guka vilisimama. Kinanda kilibaki kimefunguka mapajani, kikatoa pumzi ndefu peke yake. Kuku waliokuwa wakichakura karibu na Cucu waliondoka, na nikasikia maharagwe yakidondoka sakafuni, kwa sababu uteo ulikuwa umeinama mikononi mwake.

"Iko sawa, nimepata yote," kijana alisema kwa furaha. Maskini, hakujua alichopata.

Kijana alipoondoka, Guka aliingia ndani bila kunitazama. Cucu aliniita. Nilikwenda nikitarajia kofi. Hakunipiga. Alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

"Umesema Wambui," aliniambia. "Wambui yupi?"

"Ni wewe, Cucu. Nilikuwa naimba wewe."

"Mimi najua. Je, anayesikiliza anajua? Hapa Wambui ni wawili."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimeita, na huenda nilikuwa nimejiita mwenyewe. Cucu aliinuka, akajifunga leso vizuri kama anayetoka kwenda kwa watu, akaniweka nyuma yake. Alisimama mlangoni akiwa ameelekea lango letu, ambako hapakuwa na mtu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumjibu mtu aliyebisha hodi:

"Wambui ni mimi. Huyu mwingine ni mtoto."

Kisha akarudi kuokota maharagwe.

Wiki zilizofuata hakuna aliyegusa kinanda. Cucu hakuniruhusu kuvuka lango peke yangu. Hata shule alinipeleka na kunichukua, miguu yake ilivyokuwa imevimba. Usiku nililala kwake, upande wa ukutani. Nilihesabu pumzi zake, na kila aliponisikia nikihesabu alinifinya. Kabla mahindi hayajakomaa alianguka hapo uani akianua nguo, asiamke tena. Hospitali ya Thika walisema ni presha, tena ya miaka mingi, na kwamba dawa alikuwa akipewa. Tulizikuta amezificha kwenye mkebe wa majani ya chai, umejaa.

Hakuna aliyenilaumu. Guka alifariki miaka kadhaa baadaye bila kuitaja siku ile, na mimi nilikosa ujasiri wa kumuuliza. Leo mimi ni mtu mzima, naenda kanisani, na najua dawa zisizomezwa huua bila kusaidiwa na wimbo. Hayo nayaamini kwa moyo wote mchana. Lakini pia najua kwamba mwanamke mmoja aliamini kuna kitu langoni, akanisukuma nyuma yake, akakijibu. Awe alikosea au hakukosea, nilipendwa hivyo, na bado naona uchungu.

Rekodi ile ninayo. Kijana alituletea nakala mazishi yalipokwisha. Sijaisikiliza hata mara moja, na siwezi kuitupa, maana hakuna mahali pengine ambapo Cucu ana ubeti.

Kinanda sasa ni mimi ninayekipiga, Njoroge anagonga ringi, na watoto wetu wanacheza vumbini uleule mwomboko wa Gatanga. Majina yamebadilika. Nyumba imejaa tena, sitasema tuko wangapi. Beti zenye maneno ni tisa, na wa kumi naupiga nimefunga mdomo. Aliyeachwa ni mimi.

Binti yangu Muthoni ameshaniuliza kwa nini mimi siitwi, nami nikampa chai. Jumapili iliyopita, tulipofika ubeti wa kumi, nilimwona amesimama kando ya Njoroge, ananitazama kwa huruma, midomo yake ikianza kuchezacheza. Nilivuta kinanda kwa nguvu zangu zote, na sikukiacha mpaka alipofunga mdomo.