Wiki Mbili za Kumuudhi Mama Mkwe ili Vifaranga Wangu Wasife

Mwaka jana mwezi wa saba, kwa wiki mbili mfululizo, nilikuwa naamka nikiwa na kazi moja kubwa: kumuudhi mama mkwe.

Sio kwa bahati mbaya. Makusudi kabisa.

Maana asipogomba, vifaranga wangu walikuwa wanakufa. Jirani yangu Efrazia ni shahidi, na yeye alishiriki kama utakavyoona.

Naitwa Anifa. Kwetu ni Mlandizi, nimeolewa hapa Visiga. Mume wangu, Seif, ni mlinzi wa ghala kule Soga. Anatoka alfajiri, anarudi jioni.

Mimi nilikuwa nafuga kuku. Au niseme ukweli, nilikuwa nafuga vifaranga, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kufikia kuitwa kuku.

Kundi la kwanza liliisha kwa baridi. Kundi la pili kikapita kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, siku nne tu banda jeupe. Mtaani wakaanza kuniita Mama Rambirambi. Mbele yangu nacheka nao, nikiingia ndani nalia.

Nikaagiza kundi la tatu. Vifaranga mia moja, chotara, wa siku moja.

Seif akayaangalia yale maboksi ya vifaranga, akaniangalia na mimi.

"Anifa, hii ndiyo ya mwisho. Hawa wakifa, sitaki tena kusikia neno kifaranga humu ndani. Chumba napangisha."

Nikakubali. Nilitaka hawa waishi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikawapa chumba cha wageni. Nikawatengenezea bruda ya mduara, yaani uzio wa kuwatunzia joto, nikamwaga maranda ya mbao, nikafunga taa. Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, nikaweka na vyungu viwili vya mkaa. Mlango wa chumba nikawa nauacha wazi mchana kutwa ili moshi utoke, maana moshi wa mkaa ukijaa ndani unaua wote kwa mpigo.

Siku mbili za kwanza, mchana walikuwa wanakimbilia kona moja na kulaliana. Wa juu anapata joto, wa chini anakata roho. Nikaokota kumi na mmoja. Nilikuwa nimepiga magoti humo ndani kutwa, nawatenganisha kwa mikono, nikigeuka tu wamerudi.

Siku ya tatu akaja mama mkwe.

Bi Mwanamkuu, mama yake Seif, wa Maneromango, Kisarawe. Mzee Mwishehe, mume wake, alifariki mwaka wa juzi. Alisema amekuja kutusalimia, anakaa siku mbili.

Ni mwanamke wa mwili, jamani. Na mdomo anao.

Akapita korido, akafika kwenye mlango wa chumba cha vifaranga, akasimama. Hakuingia. "Siwezi kukanyaga mavi ya kuku ndani ya nyumba," alisema. Akashika kiuno, khanga zake zikatanda mlango mzima.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo gani hiyo? Unaitoa kama umeiazima kwa jirani! Kwa hiyo mgeni analala sebuleni, kuku wanalala chumbani na taa juu? Na ile sufuria ya jikoni, umeisugua au umeionyesha maji tu?"

Nikainamisha kichwa, nikajisemea, siku mbili tu Anifa, vumilia.

Halafu nikashtuka. Kelele za vifaranga zimekoma.

Vifaranga wangu wametawanyika bruda nzima. Huyu anakunywa maji, yule anadonoa chakula, wengine wamelala wamenyoosha mabawa. Hakuna aliyelaliwa.

Mama mkwe akanigombeza robo saa nzima, kisha akaenda kuswali adhuhuri. Hajamaliza hata kutawadha, nikasikia kelele. Wote wamekimbilia kona. Nikaokota watatu wamekufa.

Aliporudi, akasimama palepale mlangoni na kuanza kuuliza kwa nini nimezaa mtoto mmoja tu na kumpeleka kwa bibi yake Mlandizi. Vifaranga wakatawanyika, raha mustarehe.

Nikapigwa butwaa.

Kesho yake nikampigia Efrazia simu. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Rombo, hana muda wa kumaindi mambo ya watu lakini hili akalikimbilia na kijiko cha kupikia mkononi. Akashuhudia kwa macho yake. Mama akigomba, vifaranga wanakula. Mama akikaa uani anacheka na mpita njia, vifaranga wanalaliana.

"Anifa," Efrazia akaninong'oneza, "hawa wanapenda kugombezwa."

"Sasa nifanye nini? Kesho anaondoka!"

"Mrekodi."

Nikamrekodi kwa siri dakika ishirini. Alipokwenda dukani, nikaiweka simu katikati ya bruda, sauti mwisho. Ile rekodi inawaka, "Mwanamke gani anakata vitunguu kama anapasua kuni!", vifaranga wanakimbilia kona vilevile.

Efrazia akafikiri.

"Wanataka laivu."

Akaingia, akakalia ndoo mle ndani na kuanza kuwagombeza yeye. Jamani, nilijua Efrazia ni mpole. Aliwatukana vifaranga wa siku tano mpaka nikaziba masikio. Aliwaambia hawana shukrani, wazazi wao walitaga wakakimbia, hata supu yao haitakuwa na ladha.

Hakuna kitu. Wamejibana konani.

"Basi," akasema huku anahema, "wanataka wa Kisarawe."

Jioni nikamwambia Seif namuomba mama akae kidogo. Seif akaniangalia mara mbili. Wakwe wangapi mnawajua wanaoomba hivyo? Mama mwenyewe akasema hana haraka.

Kuanzia hapo nikaingia kazini.

Siku ya kwanza nikatia chumvi kwenye chai. Akanywa funda moja, akanifuata. Nikakosea, nikasimama kumsikiliza uani. Nusu saa ya kusemwa imepotea bure, ndani wanalaliana. Nikajifunza: kosa nafanya popote, lakini kugombezwa lazima kufanyike karibu na vifaranga. Kwa hiyo nikiharibu tu, nakimbilia chumbani kwao. Mama ananifuata, anaishia mlangoni, anasimama, anaanza.

Nilipika kisamvu bila nazi. Nikapata dakika arobaini.

Nilifagia uwanja usiku, na yeye huwa anasema usiku hakufagiliwi, asubuhi nikaambiwa mambo ya ukoo wangu mpaka babu wa Ruvu. Saa nzima hiyo, vifaranga walikula mpaka wakasinzia.

Siku nyingine nilivaa suruali ya Seif ya kazini, nikapita mbele yake napiga mluzi.

Saa mbili na nusu! Sijawahi kupata tena rekodi ile.

Shida, makosa nayo yanaisha. Wiki ya pili nikawa namfuata Efrazia asubuhi na mapema.

"Nipe kosa, shoga. Leo sina."

"Mwambie umesahau jina la marehemu mume wake."

"Hilo hapana, Efrazia. Kuna mipaka."

Wakati mwingine sikufanya kosa lolote, nikaingia tu kwa vifaranga nasubiri nikiwaza leo ndiyo mwisho. Nashangaa mama huyo mlangoni. "Mbona leo umekaa vizuri hivyo? Unanificha nini?" Anaendelea mpaka saa ya kupika. Nikawa nashukuru Mungu kimoyomoyo.

Vifaranga wakafika wiki mbili na siku tatu. Mabawa yameota. Wamebaki themanini na sita, na tangu nianze kumuudhi mama kwa ratiba hakuna aliyekufa.

Ndipo Seif akaharibu.

Kazini walibadilishana zamu, akarudi mchana bila taarifa. Akakuta mama yake amesimama mlangoni anapaza sauti mpaka khanga inamteleza, na mimi mkewe nimepiga magoti ndani, machozi yananitoka. Machozi yalikuwa ya moshi. Lakini yeye angejuaje?

"Mama," akasema taratibu, "nimesikia kwa majirani, sikuamini. Kesho asubuhi nakupeleka stendi. Urudi Maneromango."

Bi Mwanamkuu akaifunga vizuri khanga yake, akaenda sebuleni. Nikasikia zipu ya begi.

Na nyuma yangu, vifaranga wote themanini na sita wakakimbilia kona.

Nikapiga kelele.

"Seif! Ukimwondoa mama umewaua! Mwache anigombeze!"

"Anifa, umelogwa?"

Bahati nzuri siku ile ndiyo tulikuwa tunamsubiri Didas, afisa mifugo, alete chanjo ya Gumboro. Akaingia na kiboksi chake cha barafu, akatukuta mimi nachota vifaranga konani, Seif ameshika kichwa.

"Mtaalamu, muulize huyu," Seif akasema. "Mimi nimeshindwa."

Nikamweleza yote. Chumvi, kisamvu, suruali, rekodi. Seif alikuwa anakaa chini kidogo kidogo kadiri ninavyoendelea. Didas hakucheka. Akasema anataka kuona.

"Mama, naomba usimame pale unaposimamaga."

"Mimi nafunga begi," mama akajibu kutoka sebuleni.

Seif akaenda kumbembeleza. Mama akaja na uso wa shari, akasimama mlangoni, akashika kiuno.

"Usiseme kitu, mama. Nyamaza tu."

Akanyamaza. Nikaanza kusali, maana bila kugomba tumekwisha.

Vifaranga wakatawanyika.

Kimya kimya! Huyu maji, yule chakula.

"Sasa sogea pembeni."

Akasogea. Wakakimbilia kona.

Didas akachana kipande cha mfuko wa plastiki, akachuchumaa pale mlangoni na kukishika karibu na sakafu. Kikaruka kuelekea ndani, kinapepea kama bendera. Akageuka akaangalia korido, mpaka mwisho, kwenye mlango wa uani ambao mchana huwa uko wazi kwa ajili ya kupika. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unaingia pale, unapita korido moja kwa moja, unawapiga vifaranga wangu.

"Mama alikuwa anaziba upepo," Didas akasema. "Matusi yalikuwa nyongeza."

Nikachoka. Wiki mbili natia chumvi kwenye chai!

"Dawa yake ni gunia tu," akaendelea. "Litundike lizibe nusu ya chini ya mlango, juu acha wazi moshi utoke. Kazi imeisha. Mama anaweza kwenda kupumzika kwake."

Nikamgeukia mama mkwe nikitegemea acheke, au anigombeze. Alikuwa anaangalia sakafu. Hakuwa ameshangaa hata kidogo.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unajua?"

"Siku ya pili tu. Upepo unanichapa visigino, nisijue? Mimi nimeanza kulea vifaranga baba yako hajaoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungetundika gunia." Sauti yake ilikuwa ndogo, siijui. "Ukishatundika gunia, mimi nakaa hapa nafanya nini? Siku mbili zangu zinaisha, narudi Maneromango. Kule tangu Mwishehe aondoke nasema na masufuria, mkaza mwanangu. Miaka arobaini nilikuwa namgombeza yule mzee naye ananijibu. Sasa sina wa kunijibu. Hapa nikisimama mlangoni, naona viumbe vya watu vinaishi."

"Makosa yako yenyewe yaliisha mapema," akaongeza. "Mengine nilikuwa natunga. Na ile chumvi, mtu gani anakosea chumvi na sukari mara nne kwa wiki? Nilikuwa nainywa na presha yangu hii nikijua unataka nisimame."

Hapo nililia, na safari hii haukuwa moshi. Mwanamke huyu alisimama kwa miguu yake wiki mbili, ananitungia makosa, ili asigeuke mtu wa kusindikizwa stendi.

Didas, mtu wa kazi, akasafisha koo.

"Haya, gunia liko wapi nilitundike kabla ya chanjo?"

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na magunia sita matupu ya chakula cha kuku. Nimeyakunja mwenyewe, yamepangwa vizuri.

"Gunia hatuna," nikasema.

Didas akayaangalia magunia. Akaniangalia mimi.

"Lakini hayo hapo..."

"Yametoboka," Seif akasema. Alikuwa bado amekaa chini. "Yote. Gunia hatuna kabisa humu ndani."

Mama mkwe akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akarudi mlangoni, akatandaza khanga zake.

"Basi mniletee hata kiti, nyie watu. Miguu yote imevimba!"

Seif akainuka mbio, akaleta lile kochi dogo la sebuleni.

Vifaranga wote themanini na sita wakawa kuku. Mama hajaondoka mpaka leo, na chumba cha vifaranga sasa ndicho chake. Ananigombeza kila siku, na siku hizi namjibu. Efrazia anasema anatusikia mpaka kwake.

Ndugu msomaji unayelea vifaranga: ukiona wanalaliana mchana, shika kipande cha mfuko chini ya mlango uangalie upepo unatokea wapi. Na kama nyumbani kwako kuna mtu amesimama mlangoni anakusema kutwa nzima, kabla hujamtafutia gari la kumrudisha kwao, muulize kwanza kwa upole: mama, hapo umesimama kwa ajili ya nini? Sisi tulibakiza asubuhi moja tu tumpandishe gari.