Nyumba yetu ya Bwera ilivyogeuzwa lodge kwenye filamu, na posa ya mdogo wangu ikakwama

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni wa kusoma tu, huwa sichangii. Lakini juzi niliona mnabishana kama filamu inaweza kumharibia mtu maisha, nikasema ngoja niweke langu. Ni mambo yaliyotupata wenyewe. Sijaongeza chumvi, ingawa chumvi ndiyo biashara yangu.

Naitwa Masika. Kwa sisi Bakonzo jina hilo linakueleza mara moja kwamba ndiye msichana wa kwanza kuzaliwa. Anayenifuata ni Biira, kisha Kabugho. Tuko watatu tu.

Baba alitangulia, Kabugho akiwa bado hajatambaa. Mama alimfuata nikiwa darasa la sita. Daftari langu la hesabu liliishia katikati ya ukurasa na sikulirudia tena. Nilianza kwenda Kabatoro kuchukua chumvi ziwani na kuiuza kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda, kwa akina mama wanaovuka kutoka Congo. Ndiyo kazi yangu mpaka leo. Wadogo zangu wote wawili walimaliza shule. Biira anafundisha watoto wa chekechea.

Nyumba tunayokaa aliijenga mama. Alipopiga plasta juu ya mlango, alichukua visahani vitatu vya chai, vile vyenye maua ya bluu, akavikandamiza kwenye saruji mbichi. Kimoja cha kila binti, kwa kufuata tulivyozaliwa, kutoka kushoto. Watu wa Bwera wakikuelekeza kwetu wanasema, "Nenda mpaka kwenye sahani."

Shikeni hilo, maana kila kitu kilitokea hapo.

Sasa, kiangazi kimoja wakaja watu wa filamu kutoka Kampala.

Dairekta alikuwa kijana mpole, kofia haitoki kichwani. Alisimama mbele ya nyumba muda mrefu, mpaka nikadhani ni mtu wa kodi.

"Nyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda, "hii ukuta inaongea."

Nikamjibu, "Mimi nimeishi ndani miaka yote, sijaisikia."

Akacheka. Akanieleza wanatafuta location ya filamu ya mji wa mpakani wakati wa vita, mji usio na jina. Nyumba yangu ingekuwa nyumba ya wageni. Siku mbili tu, na kila kitu kitarudishwa kama kilivyokuwa.

Binti aliyeshika makaratasi akanipa kurasa kama kumi za Kiingereza. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Tukusomee, aunty?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, wakuu. Nilikataa. Biira alikuwa amesimama hapo, na mimi sikutaka mtoto niliyemsomesha anione nasomewa kama kipofu. Nikageuza kurasa moja moja, nikatikisa kichwa kama ninayeelewa, nikaweka sahihi.

Siku mbili zile zilikuwa sinema kabla ya sinema. Walitundika pazia jekundu dirishani, wakachoma tairi la zamani barabarani. Wabadilisha fedha waliombwa wasogee na viti vyao. Boda boda wote wakafukuzwa kwenye picha, na Bwera bila boda boda si Bwera, mjue.

Wakishasafisha barabara, wanafunzi wanatokea wanacheka, kazi inasimama. Mara mama mmoja anapita na muhogo kichwani akiimba, inasimama tena. Dairekta alikuwa anataka mpaka wenye huzuni, na mpaka wetu siku hiyo ulikataa kabisa kuhuzunika.

Boda mmoja akamfokea mwigizaji aliyevaa nguo za kijeshi: "Afande, vita yenu inaisha saa ngapi? Niko na mugonjwa nyuma!"

Mwigizaji akapiga saluti na kumpisha. Tulicheka sana.

Walipoondoka, waliosha ukuta, wakatoa pazia, wakafagia majivu ya tairi. Walitimiza neno lao. Sina la kuwalaumu.

Miezi ikapita.

Biira akapata mchumba. Jina lake Muhindo, kijana wa Kinyamaseke anayesafirisha nyanya, mtaratibu, akija huvua viatu mlangoni hata ukimkataza. Ukoo wake ukapanga siku ya kuja kwetu kujitambulisha. Kwa sababu hatuna wazazi, mimi ndiye ningewapokea. Nilinunua vikombe vipya na kumweka sawa mjomba wetu mmoja wa kuongea na wanaume.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, wakatuma ujumbe: subirini kwanza.

Mara Muhindo mwenyewe akaja na pikipiki. Siku hiyo hakuingia ndani. Alisimama uani akizungusha kofia ya pikipiki mikononi.

"Dada Masika, watu ya kwetu wameona filamu."

"Filamu gani?"

"Ile ya hapa. Imeonyeshwa kwa kibanda cha kwetu. Wanasema hii nyumba... wanasema iko ya madereva."

Sikuelewa. Akalazimika kunieleza, akitazama chini, kwamba wanasema ni danguro la madereva wa malori; maskini, kijana wa watu.

Kwa ambao hawajui vibanda vyetu: unalipa kidogo, unakaa kwenye benchi, filamu inaonyeshwa ukutani. Mbele anakaa VJ na maikrofoni. Anapunguza sauti ya filamu na kukueleza kwa lugha yako wanachosema, na anaongeza vikolezo vyake. Watu hawaendi kwa ajili ya mwigizaji, wanaenda kwa ajili ya VJ. Akisema yule mzungu ni mkwe wa mtu fulani wa Katwe, basi jioni ile huyo ni mkwe wa Katwe.

VJ wa Kinyamaseke wanamwita Radi. Zamani alikuwa turnboy, yaani utingo, wa malori yanayokuja mpakani, kwa hiyo Bwera anaijua. Mlango wetu ulipotokea, akaruka kutoka kwenye kiti: "Mnaona zile sahani tatu? Hii si filamu tena, hii ni Bwera! Napajua! Hapo dereva analala tajiri, anaamka bila viatu!"

Kibanda kizima kikacheka. Mdogo wa kiume wa shangazi yake Muhindo alikuwemo, akapeleka habari nyumbani. Na shangazi huyo, anaitwa Kyakimwa, ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Alisema neno moja tu: mbuzi wetu wa mahari hawawezi kwenda kufungwa kwenye mlango ule.

Biira hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Toa zile sahani. Paka chokaa. Tuwe nyumba kama nyumba zingine."

Kesho yake nikapanda kwenye stuli na nyundo. Nikaanza na changu, cha kushoto, nikakipiga mara moja. Kikapasuka katikati na hakikutoka. Mama alikuwa amekikandamiza kweli kweli. Nikakaa juu ya ile stuli nikitazama ufa, nikajiuliza nitapata nini kwa kuvunja kitu cha pekee ambacho mama alitufanyia kwa mkono wake. Nikashuka.

Jumapili mchana nikapanda gari kwenda Kinyamaseke. Muhindo aliniambia kuwa filamu inarudiwa. Niliingia kibandani na leso yangu, mwanamke peke yangu kati ya vijana, nikakaa benchi ya nyuma.

Wakuu, niseme ukweli: nyumba yetu ni nzuri. Sikuwahi kujua. Jua la jioni limepiga ukuta, visahani vinang'aa, na mwigizaji amesimama kwenye dirisha la chumba alichofia mama.

Tena ile filamu haikututukana. Kiingereza changu ni cha darasa la sita lakini macho sikuyaacha shuleni. Mwenye lodge kwenye ile hadithi alikuwa mwanamke mwema, anawaficha majeruhi chini ya vitanda na kuwadanganya askari. Lakini nani alimsikia? Radi alikuwa ameshika maikrofoni. Kila mara mama yule alipofungua mlango, yeye anaimba, "Viatu, viatu, acha viatu!"

Ilipoisha nilimngoja nje. Alitoka akila muhogo, mtu mwembamba, sauti imekwaruza.

Nikamwambia, "Mimi ndiye mwenye zile sahani."

Muhogo ukasimama njiani. "Mama... ile ilikuwa ya kuchekesha tu."

"Mdogo wangu alikuwa aolewe hapa kwenu. Wamekataa."

Akakaa chini kwenye ngazi ya kibanda.

"Mimi naona watu wanasinzia," akasema. "Wakisinzia hawarudi. Nikatafuta kitu wanajua, kitu ya karibu. Ile mlango nilikuwa napita nayo kila wiki nikiwa turnboy. Sikuwaza kama kuna mutu ndani."

"Tuko watatu ndani."

"Niende niombe musamaha kwa hiyo shangazi?"

Nilishalifikiria njia nzima. Nikamwambia hapana. Ukienda kwake utasemea sebuleni, na uongo ulisemewa kwenye maikrofoni. Irudie filamu Jumapili ijayo, na pale mlango unapotokea, useme yaliyo kweli, nami nitakueleza.

"Filamu ya mara tatu nani atakuja?"

"Watangazie kwamba mwenye nyumba atakuwepo ndani."

Akanitazama, kisha akacheka polepole. "Mama, wewe ungekuwa VJ."

Wiki ile nzima alizunguka na spika juu ya boda: "Jumapili! Mwenye sahani, laivu, kutoka Bwera!" Niliposikia nilitamani ardhi inifunike. Lakini nilishasema, na nikisema huwa sirudi nyuma.

Kazi ngumu ilikuwa ya Muhindo: kumleta shangazi. Mama wa umri ule, mzee wa kanisa, hajawahi kukanyaga kibandani. Sijui alimwambia nini. Baadaye alinieleza kuwa shangazi alimjibu siku ya tatu, "Basi niione mwenyewe nyumba ninayoikataa. Niliikataa kwa mdomo ya mutu mwingine."

Jumapili ikafika. Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Shangazi Kyakimwa akapewa kiti cha plastiki mbele, mkoba kwenye magoti, mgongo wima kama yuko ibadani. Mimi benchi ya nyuma tena. Biira alikataa kuja.

Mlango wetu ulipotokea, Radi akazima sauti kabisa.

"Sikilizeni," akasema. "Wiki zile niliwaambia uongo kwa sababu mlikuwa mnasinzia. Hii sahani ya kwanza ni Masika. Wazazi walikufa, akaacha shule darasa la sita, akabeba chumvi ya Kabatoro kwa kichwa. Ya pili ni Biira, mwalimu ya watoto wadogo. Ya tatu ni Kabugho. Mama yao alizipanda hizo sahani kwa mukono yake. Hapo hakuna dereva amelala. Mimi nimepita hapo miaka na sijafunguliwa hata siku moja."



Kijana mmoja akapaza sauti, "Sasa viatu ya dereva viko wapi?"

"Aliviacha kwa bibi yake, na bibi yake iko Kasese, kaulize kule!"

Kicheko kikapasua mabati. Hata mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Kisha Radi akasema, "Mwenye nyumba asimame." Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu "wasingya", yaani asanteni, nikakaa.

Filamu ikaendelea, na kwa mara ya kwanza Radi akatafsiri yale mama wa lodge aliyokuwa anasema kweli. Alipomficha yule majeruhi wa mwisho, hakuna aliyesinzia.

Shangazi alitoka bila kuniangalia. Mlangoni alimwambia Muhindo neno moja: "Benchi zao ni ngumu."

Na yeye alikuwa amekalia kiti.

Wiki mbili hatukusikia chochote. Biira aliacha hata kuuliza. Mimi nilirudi kwenye chumvi yangu, vikombe vipya vikabaki kwenye boksi.

Halafu asubuhi moja Kabugho akaingia mbio: "Wakwe beko kwa barabara! Wote! Na shangazi!"

Walisimama uani, wanaume nyuma. Shangazi Kyakimwa akaja mpaka mlangoni, akainua uso na kuvitazama visahani muda mrefu.

"Hii ya kwanza imepasuka."

"Niliipiga mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa aibu."

Akanyoosha fimbo yake juu, akagusa kile cha katikati polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Sisi tumekuja kwa ajili ya hii ya pili," akasema. "Hiyo ya kwanza muiache hapo hapo na ufa wake. Ndiyo imeshika ukuta."

Nililazimika kuingia ndani nikasingizia natoa vikombe.

Biira sasa yuko Kinyamaseke. Kisahani chake hatujakitoa, wala hatutakitoa.

Nilichojifunza, wakuu: usione haya kusomewa. Kama ningekubali yule binti anisomee zile kurasa, ningejua ni hadithi ya namna gani na ningewaeleza wakwe mapema. La pili, mtu akija kupiga picha mtaa wako, uliza pia nani atausemea ukifika mbali. Aliyetuchora alituchora vizuri. Maneno ndiyo yalituponza, na maneno hayo hayo ndiyo yalitutoa.

Radi hatuna ugomvi naye. Akipita Bwera hubisha, nami humfungulia. Tunampa chai, na viatu vyake anaondoka navyo.

Naomba kuwasikia na ninyi. Kuna ambaye mji wake au nyumba yake imewahi kutokea kwenye filamu au kwenye runinga, na mliokaa hapo mkashindwa kujitambua? Mlifanyaje? Na wale mtakaosema ningevivunja tu vile visahani nikapumzika, karibuni pia, nitawajibu mmoja mmoja nikitoka sokoni.