Hatu Niliyoitupa Nkome

Jamani, mkiona nainamisha kichwa mtu akitaja Nkome, msidhani naangalia viatu, ni aibu tu, maana kule kuna kina mama ghala zima wanaonijua kama yule dada mtafiti aliyewaita wachafu mbele ya ofisa, na sina wa kumlaumu, mambo yote niliyataka mwenyewe.

Kwanza mimi ni mtu wa kuota mchana. Kwetu Ngokolo, Shinyanga, mama alikuwa ananituma chumvi narudi na kiberiti. Sasa kazini wakanipeleka mafunzo ya wiki mbili, kujifunza kuchambua maandishi kwa kompyuta, yaani unaipa mahojiano rundo zima, inakuhesabia maneno, inakuonyesha watu wamezungumzia nini zaidi. Mwalimu akasema, "Itawasaidia kusoma mengi." Mimi wakati huo nilikuwa natazama dirishani, mawingu yanapita juu ya mabati polepole kama ng'ombe walioshiba (kweli tena, moja lilikuwa na nundu), nikasikia, "Itawasomea."

Niliporudi nikakabidhiwa mahojiano ya kina mama wanaoanika dagaa Nkome. Aliyewahoji ni mwenzangu Neema, na yeye alikuwa ameshakwenda likizo ya uzazi. Halmashauri ilikuwa na wazo la kuuhamisha uwanja wao wa kuanikia, na sisi kazi yetu ilikuwa kueleza wenyewe wanasemaje. Jumapili mchana, mvua imekatika, nikayamwaga yote kwenye programu, ikaniletea orodha ndefu, mbaya: tunataka, ninataka, hatutaki, anataka, kila moja limekaa peke yake kama halimjui mwenzake. Nikasema, ah, hawa si ndugu hawa? Nikaiagiza ikate vipande vyote vya mwanzo, inyooshe na mwisho, libaki shina tu. Uamuzi wa dakika moja.

Basi maneno yakaanza kujitokeza kwenye kioo, makubwa kwa madogo, yanaelea, nikawa kama natazama samaki wanaokuja juu ya maji kupumua. Katikati, kubwa kuliko yote, likakaa TAKA. Ubavuni mwake, HAMA. Nikakaa pale nayatazama mpaka chai ikapoa, moyo mweupe, naiona hadithi nzima bila kufungua hata ukurasa mmoja wa mahojiano yenyewe. (Ndiyo, nimesema. Hata mmoja.)

Siku ya kikao tulikutana kwenye ghala pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa. Bati la juu lilikuwa na matundu, jua linapenya vitone vitone, vumbi linazunguka humo taratibu, ziwa linasikika kwa mbali, na mimi nimesimama mbele ya shuka jeupe lenye neno TAKA kubwa kama mlango, najisikiliza ninavyoongea vizuri.

"Mama zangu," nikasema, "tumewasikia. Takataka zimewazidi hapa, mpaka sasa mnaomba kuhama."

Wakatazamana. Mimi nikadhani wameguswa, nikaendelea, nikaongelea mapipa, nikaongelea magonjwa, nikafika hadi kwenye kunawa mikono.

Ofisa wa halmashauri aliyetumwa kuandika maoni akafurahi. "Kumbe wenyewe wanataka kuhama? Basi hatuna ubishi," akafungua daftari, akaanza kuandika.

Hapo ndipo akasimama Mama Kulwa, kiongozi wao, mama mtu mzima, akajifunga kanga yake upya bila haraka.

"Shikamoo, mama," nikasema (sijui kwa nini, nilishamwamkia mlangoni).

"Marahaba. Mwanangu, huo uwanja tunaufagia kila asubuhi kabla jua halijatoka, maana dagaa wenye mchanga hawana mnunuzi. Nani amekwambia sisi tuna taka?"

"Ni... kompyuta, mama."

"Ya wapi hiyo?"

"Ya Shinyanga."

Ghala zima likaangua kicheko, yeye hakucheka. "Iambie isome nilivyosema mimi. Kama nilivyosema."

Nikatafuta jina lake kwenye mahojiano, nikafungua, nikasoma kwa sauti: "Hatutaki kuhama. Hapa ndipo nilipolelea mapacha wangu. Hatutaki." Nikafungua ya mama wa pili: "Hatutaki kuhama." Wa tatu hivyo hivyo. Ndipo nilipoelewa, pale pale, mbele ya watu: lile neno kubwa halikuwa uchafu, lilikuwa kutaka, na kabla ya kutaka kulikuwa na hatu ambayo niliikata kwa mkono wangu ili orodha ipendeze.

Nikawaeleza. Nilitamani ardhi ya ghala inimeze, lakini nikawaeleza, polepole, mpaka wote wakaelewa.

"Sasa hiyo hatu yangu," akauliza Mama Kulwa, "umeipeleka wapi?"

Ofisa alikuwa ameshaiinua kalamu, ananitazama. Nikamwomba afute. Akasema hafuti kwa maneno yangu tena, niwasomee wote, mmoja mmoja. Nikasoma mpaka koo likakauka, na kila mama akisikia maneno yake anaitikia, wengine wanasahihisha ("Sikusema jiko, nilisema chanja ya kuanikia!"), na ile sauti yangu nzuri ikaisha, zikabaki zao, zimejaa humo ndani kama maji ya uvuguvugu, na mimi katikati yake mdogo kabisa. Tulipomaliza ofisa akachora mstari juu ya alichoandika, akaandika upya chini yake, na Mama Kulwa akaenda kusimama nyuma ya bega lake kuhakikisha.

Uwanja haujahamishwa mpaka leo. Kompyuta siilaumu, ilifanya nilichoiagiza, na bado naitumia, lakini nimeapa: sikati herufi hata moja ya mtu kabla sijamsoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nikifika Nkome wananiita Mama Taka. Naitika.