Nilimwachia Mke Wangu Lawama za Vidole Vyake

Jina langu liacheni. Kosa ni langu, ingawa mtaa wetu mzima wa Biryogo unaamini vingine.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunauza sambusa. Siku ile alizima mashine ya kusaga nyama, akaingiza vidole kutoa mishipa iliyokwama. Mimi nilikuwa kwenye simu, nacheka na rafiki. Nikawasha swichi bila kutazama. Yewe! Ule ukelele!

Hospitalini daktari akauliza, "Nani aliwasha?"

Nikawahi kujibu, "Mwenyewe, dokta."

Mke wangu akageuka, akaniangalia.

Vidole viwili vilibaki mifupa nje. Madaktari wakainua kipande cha ngozi na nyama kwenye kinena chake, bila kukikata kabisa, wakakishonea vidoleni ili vipate damu kutoka hapo. Wiki tatu mkono umeshonwa kwenye kinena! Nilimwogesha, nilimlisha, nilimfunga kitenge.

Mama yangu alikuwa akileta uji na maneno yake. "Mwanamke gani anawasha mashine na mkono iko ndani?"

Nami nimekaa pale pale na kijiko, naendelea kumlisha!

Jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, mwambie mama ukweli. Sitaki kingine."

"Ngoja upone kwanza," nikamjibu. Mwoga mkubwa mimi!

Wiki tatu zilipoisha, madaktari wakautenganisha mkono. Ngozi ilishika vizuri, wallahi. Lakini vidole vimekuwa vinene, havikunjiki, hata joto la mafuta havilisikii. Siku aliyorudi nyumbani, mama akasema mbele ya majirani, "Uzembe umemponza." Nikatikisa kichwa kukubali. Kukubali!

Kesho yake mke wangu akamchukua binti yetu Zuhura, akaenda kwao Nyakabanda. Nikamfuata. Akasimama mlangoni.

"Mashine ilikuwa ajali, hiyo nilikusamehe siku ile ile. Lakini wiki zote zile ulikuwa unaniosha huku unanisingizia! Rudi kwa mama yako."

Ndipo nikamweleza mama. Alilia sana, akaenda kumwomba mke wangu radhi, mimi nyuma yake. Yeye alikaribishwa ndani, akapewa chai. Mimi nilibaki nje, na mpaka leo sijafunguliwa.

Ndugu yangu unayesoma, ukimuumiza mtu wako, sema siku hiyo hiyo, hata utukanwe. Usimbebeshe maumivu yake na kosa lako pamoja. Atachoka, na mzigo atakaoutua ni wewe.