Mchanga wa Tangi Letu

Mchanga ule ulikaa uani kwetu miezi kumi na mmoja. Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu wanawake walipoumwaga, mimba ya mke wangu ilikuwa bado haionekani vizuri, na ulipoondoka mtoto alikuwa ameshaanza kucheka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mutomo, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa na watoto wanne, na huyo wa tano njiani. Maji tuliyatoa mtoni, yaani kwenye mchanga wa mto, maana mto wenyewe ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima. Mtu alichimba shimo, akangoja maji yajitokeze, akayateka kwa kata, akangoja tena. Punda wa kubeba mitungi tulikuwa naye. Wa kungoja shimoni alikuwa mke wangu.

Wanawake wa kijiji chetu walikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu. Walianza na mabati, wakaezeka nyumba moja baada ya nyingine mpaka paa za nyasi zikawa chache. Kisha wakaingia kwenye matangi ya simiti, ya kukinga maji ya paa. Sheria yao ilikuwa rahisi. Kikundi kinabeba mchanga, kinavunja kokoto na kuchimba msingi. Mwenye boma ananunua simiti na wavu wa waya, na anamlipa fundi. Mke wangu aliomba zamu yetu isogezwe mbele kwa ajili ya mimba. Akawaambia wenzake kwamba simiti si shida, mume wake ni mwalimu, na walimu hukopeshwa. Nilikuwa ndani nasahihisha madaftari nikamsikia. Sitadanganya, nilijisikia mtu mkubwa. Wakakubali, na siku chache baadaye mchanga ukamwagwa uani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kitui, kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu, na fomu yangu imekunjwa ndani ya Biblia isije ikachafuka. Karani alifungua jalada langu, akalisoma lote, akalifunga.

"Mwalimu, hii mkopo haiwezi kupita," akasema. "Kuna mtu ulimdhamini. Huyo mtu ameacha kazi na ameacha kulipa."

"Si nina akiba yangu?"

"Akiba yako ndiyo imeshikwa. Na kutoka mwezi ujao tutaanza kukata mshahara."

Nilimjua mtu huyo bila kutajiwa. Alikuwa mwalimu mwenzangu, tukiimba naye besi katika kwaya ya kanisa. Nilitia sahihi fomu yake siku moja baada ya ibada, kwenye benchi la nje, bila hata kuuliza anakopa ngapi. Mke wangu sikumwambia.

Ni lazima nieleze kwa nini nilitia sahihi, ingawa maelezo haya hayajawahi kunisaidia. Nilipotaka kuoa, nilitakiwa kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu wa kufunga ndoa. Kwetu bila ntheo mnaweza kuzaa watoto kumi na wazee bado wakasema huyo si mke wako. Mimi nilikuwa na mbuzi wawili. Yule rafiki alimtoa wa tatu kwenye zizi la mama yake, akamswaga mwenyewe hadi kwa wakwe zangu, nao wakadhani ni wangu, hata mke wangu. Baadaye, kila nilipotaka kumrudishia mbuzi, alicheka akakataa. Laiti angekubali. Mbuzi angerudi zizini, nami ningebaki na mdomo wa kusema hapana. Mtu aliyekusaidia kuoa utamwambia nini akikuletea karatasi?

Nyumbani nilisema fomu imepelekwa Nairobi. Mwezi uliofuata nikasema karani yuko likizo. Nilipata ufundi wa kudanganya ambao sikujua ninao. Mshahara ulipoanza kukatwa nilisema ni kodi. Kitanda cha watoto tulichokuwa tumemwagiza seremala nikakifuta. Cherehani ambayo mwenye duka angetupa tulipe kidogo kidogo ikatushinda, kwa sababu naye alitaka kuona hati yangu ya mshahara, na hati ile nilikuwa naificha ndani ya soksi. Watoto walilala wanne kwenye mkeka mmoja. Mke wangu alikwenda mtoni na tumbo likikua, akarudi, akapita kando ya rundo la mchanga bila kuliangalia. Kuku walikuwa wameshaanza kuoga humo.

Shule zilipofungwa nilisikia kwamba rafiki yangu yuko Zombe, anauza sokoni. Nikaenda. Njia nzima nilipanga maneno, na yalikuwa maneno makali. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, mbele yake kamba za katani na mikwa, ile mikanda ya ngozi ambayo wanawake wetu huvaa kwenye paji la uso wakibeba mzigo mgongoni. Alikuwa amekonda. Viatu vyake vilikuwa vile vya kufundishia, bila visigino.

"Mtoto wa ngapi sasa?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Wa tano."

"Mungu ni mwema," akasema, akachagua mukwa mmoja, akaujaribu kwa kuuvuta kwa mikono yote miwili. "Mpelekee shemeji. Umwambie sijamsahau."

Niliupokea. Nilisema asante. Nilijichukia kutoka pale mpaka nyumbani, na huko nikasema nimeununua.

Mtoto alizaliwa kabla ya mvua za Novemba. Mvua ikanyesha sana mwaka ule, maji yakawa yanamwagika kutoka kwenye mabati yetu mazuri na kuchimba mfereji uani. Mke wangu aliweka sufuria, karai, ndoo na hata beseni la mtoto. Vikajaa kwa dakika chache, na mengine yote yakaenda zake. Alisimama mlangoni akiyatazama. Hapo nilitaka kumwambia ukweli, nikaona aibu, nikaingia ndani.

Mvua zilipokwisha, mwenyekiti wa kikundi akaja na wanawake kama ishirini. Sheria yao ilikuwa na kipande nilichokuwa nimekisahau: mchanga ukikaa bila simiti, unahamia kwa anayefuata. Jirani yetu alikuwa tayari na simiti. Mumewe pia alikuwa mwalimu, alikuwa mwanachama wa chama kile kile, na nadhani kwake habari zangu zilijulikana zamani.

Zamu ya mwethya haichagui mwenye mchanga. Mke wangu alimkabidhi binti yetu mkubwa mtoto, akachukua gunia lake na mukwa, akaja kupanga foleni nyuma ya wenzake. Sikuweza kukaa ndani. Nikachukua sepetu nikawa najaza. Wanawake walinisalimu kwa heshima, "Habari ya likizo, Mwalimu," na heshima ile iliniuma kuliko kama wangenicheka.

Zamu yake ilipofika nilimtilia nusu gunia.

"Jaza," akasema.

"Umezaa juzi."

"Wenzangu wanabeba gunia zima. Jaza." Kisha akasema polepole, wengine wasisikie, "Nimeambiwa habari ya mkopo. Na ya mbuzi."

Sepetu ilisimama mkononi mwangu. Nilisema nilitaka kumwambia. Aliinama, akafunga mukwa kwenye gunia, akaupima kwa kuuvuta kwa mikono yote miwili, kama nilivyoona ukivutwa Zombe.

"Na huu mukwa," akaniuliza, "ulinunua?"

"Hapana. Alinipa yeye. Alisema hajakusahau."

Aliuvaa kwenye paji la uso, akainuka na mchanga wetu mgongoni.

"Basi tumelipwa," akasema, akashika njia ya kwa jirani. Nikamjazia aliyefuata.