Mwalimu wa Udereva na Tumbo la Kuendesha

Kazi yangu ni kukaa kiti cha kushoto na kumwachia mtu mwingine usukani. Nimefundisha udereva mtaa wa Umoja na mitaa ya jirani kwa zaidi ya miaka ishirini. Upande wangu wa gari una breki yake, na mguu wangu unaijua breki hiyo kama unavyojua kizingiti cha nyumba yangu. Nimefundisha makarani, mafundi wa cherehani, na mchungaji mmoja aliyekuwa akifumba macho kila tukikaribia raundabauti. Sijagonga wala kugongwa. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Ndiyo maana daktari aliponiambia nina ugonjwa wa sukari, sikuwaza kifo. Niliwaza gari.

Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu ya kiu. Chupa kubwa ya maji ilikuwa ikiisha kabla mwanafunzi wa pili hajashuka, na bado koo limekauka. Mke wangu, ambaye ni msusi na ana saluni ndogo chini ya ghorofa tunakoishi, ndiye aliyenisukuma. Aliona mkanda wangu umeingia ndani matundu mawili, na mtu wa kupungua hivyo bila kujinyima, alisema, hana budi kuonekana na daktari.

Daktari alikuwa dada mtulivu, mdogo kuliko kifungua mimba wetu. Alinitoboa kidole, akapima, akanieleza bila kuzungukazunguka. Kisha akanipa vidonge vyeupe vya metformini. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula," alisema. "Tumbo linaweza kusumbua siku za mwanzo. Halafu linazoea."

Nilisikia asubuhi na jioni. Yale maneno ya chakula yalinipita kama honi ya gari ambalo haliko nyuma yako. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kikombe cha chai ya rangi tumboni, basi. Nikawa nameza kidonge na hiyo chai.

Siku ya tatu nilikuwa na mwanafunzi niliyempenda kuliko wote wa mwaka huo, mama mmoja mstaafu, mwenyeji wa Machakos, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni. Mumewe alifariki akamwachia gari dogo, nalo lilikuwa limekaa miaka mitatu chini ya turubai. Watoto wake walitaka liuzwe. Yeye alikataa. "Haliwezi kuozea pale na mimi nina miguu miwili na macho," aliniambia siku ya kujiandikisha. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita Mwalimu.

Tulikuwa barabara kuu ya Outer Ring tumbo liliponinyonga. Si maumivu ya kuvumilia. Lilikuwa tumbo la kuendesha, na mwalimu wa udereva ukiwa na tumbo la kuendesha huna mtu wa kumpa usukani.

"Mama, weka indiketa ya kushoto. Ingia hapo kwenye kituo cha mafuta."

"Si ulisema leo hatusimami hadi Donholm?"

"Ingia tu, Mama."

Aliingia, akapenya kati ya lori la maji na ukuta, akaegesha vizuri kuliko siku zote. Sikupata nafasi ya kumsifu. Nilichomoa ufunguo nikaenda kwa mwendo wa mtu anayejaribu kutokimbia.

Niliporudi nilimkuta bado ameshika usukani kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. "Ni githeri ya jana," nilimwambia. Akanipa pole, tukaendelea.

Wiki hiyo nilisimama kwenye kituo kile mara nyingi hata kijana mmoja wa pampu akawa hangoji kuulizwa. Akiona gari letu lenye bango la mafunzo linakunja, ananyoosha mkono wenye ufunguo wa choo. "Niaje, mwalimu. Ingia tu." Alikuwa na heshima, lakini nilitamani ardhi inimeze. Nyumbani nako mke wangu aliuliza kwa nini siku hizi naacha chakula. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelala na sarafu chini ya ulimi. Nilimwambia githeri yake ilikuwa na maharagwe yasiyoiva. Siku iliyofuata akayachemsha zaidi ya saa tatu.

Mwishoni mwa wiki nikaamua. Nilitia vile vidonge kwenye droo ya dashibodi, chini ya vitabu vya sheria za barabarani, nikajiambia nalipumzisha tumbo kidogo. Tumbo likatulia kweli. Nikala, nikacheka, nikajiona mjanja. Kile "kidogo" kikawa siku kumi na moja. Kiu ikarudi, nikaiambia ni jua.

Siku ya kumi na moja nilikuwa tena na yule mama. Tulikuwa tunatafuta njia ya kukwepa msongamano karibu na Pipeline, nikamwambia akate kulia kwenye barabara ya ndani. Mbele yetu palikuwa na kibao. Nilikiona ni kibao, lakini maandishi yalikuwa yamelowa kama wino ulioingiwa na maji. Nikapepesa macho. Maandishi hayakukauka.

"Endelea," nilisema.

Gari likasimama ghafla. Mguu wangu ulikuwa bado hewani. Ni yeye aliyekuwa amekanyaga breki.

"Mwalimu," alisema polepole, "pale pameandikwa barabara imefungwa. Na mbele kuna shimo."

Shimo nililiona baada ya yeye kulitaja. Katika miaka yangu yote ya kazi, hakuna mwanafunzi aliyewahi kufika kwenye breki kabla yangu. Nilimwomba arudi nyuma taratibu, aegeshe kando, azime gari.

"Macho yana nini?" aliuliza.

Sikuwa na uongo mwingine karibu. Nilifungua droo nikamwonyesha boksi la vidonge. Aliligeuza lile boksi akalitazama, akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Hizi ninazimeza mwaka wa sita huu. Nilipoanza, nilikuwa nasonga ugali wa shule nzima huku mguu mmoja uko njia ya choo. Leo asubuhi ulikula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai."

Akanirudishia boksi. Kisha akasema, "Wewe kila siku unanikataza kukanyaga klachi nusu nusu. Unasema gari litaharibika. Hii nayo unaikanyaga nusu nusu. Lakini mimi si daktari. Nenda kamwambie aliyekupa, umwambie yote, hata ya choo."

Nilipiga simu ofisi ya shule yetu ya udereva, nikasema macho yangu hayafai kukaa barabarani siku hiyo. Mwalimu mwenzangu akaja kuchukua gari na mwanafunzi. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ajabu ni kwamba sikuona aibu. Nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Mke wangu alikuwa anamsuka mteja. Alingoja hadi yule mteja akaondoka, kisha nikamweleza yote. "Kwa hiyo githeri yangu haikuwa na hatia," alisema hatimaye.

"Haikuwa na hatia."

"Nilichemsha maharagwe hadi gesi ikaisha, baba watoto." Aliweka kitana chini. "Ugonjwa sikuulaumu. Kunificha ndiko kulikonikasirisha. Kesho tunakwenda wote."

Kliniki daktari hakunigombeza. Alipima, sukari ilikuwa imepanda, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitia ukungu machoni. Aliniuliza nilimezaje dawa, nikamjibu ukweli. Akatuambia tuanze upya, taratibu zaidi: kidonge kimoja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni, nirudi baada ya wiki mbili tuongeze cha asubuhi. Tumbo likigoma bado, alisema, ipo aina nyingine inayoyeyuka polepole, tutaijaribu. "Ila ukitaka kuacha, niambie kabla hujaacha, si baada." Na nisikae garini na mwanafunzi hadi macho yatakapotulia na yeye ayapime.

Hapo ndipo nilipojikuta kwenye uwanja ninaoujua. Kuanza upya ndiyo kazi ninayofundisha. Kila anayejifunza huzimikiwa na gari mlimani, na kazi yangu ni kumwambia hilo si kushindwa, rudisha gia ya kwanza. Nikajisemesha mwenyewe kwa sauti ileile. Tumbo lilinguruma siku chache za mwanzo, mara mbili likanikimbiza, lakini sasa nilijua linapita, na kitu unachojua kinapita hakikutishi sana. Kila kilichotokea nilikiandika kwenye daftari nimpelekee daktari. Mke wangu alinitolea nduma na yai asubuhi, akasimama mlangoni hadi sahani iwe tupu. Chai ya rangi niliruhusiwa, ila baada ya chakula, bila sukari.

Ile ladha ya chuma ilikwisha siku nisiyoikumbuka. Maandishi ya vibao yalirudi moja moja, kwanza yale makubwa ya maduka, kisha bei za vocha kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Daktari aliyapima macho yangu akaniruhusu, nikarudi kazini. Nilimwambia mkubwa wangu habari yote, nikamwomba robo saa kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Alikubali bila mjadala. Nilipoongezewa kidonge cha asubuhi, tumbo halikusema neno.

Yule mama alifanya mtihani wa udereva nikiwa nimesimama kando ya uwanja. Alifaulu. Wiki chache baadaye alikuja mtaani kwetu peke yake na lile gari la mumewe, limeoshwa linang'aa, akaliegesha mbele ya saluni kwa mara moja bila kurekebisha. Alikuwa amekuja kusukwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na sahani yangu, na kwa saa mbili nzima niliwasikia yeye na mke wangu wakizungumza juu ya tumbo langu, chakula changu na ukaidi wangu, kama vile sipo. Nilimaliza kula, nikameza dawa yangu, nikawaacha waendelee.